Kilele cha Januari

Bweni la Wanafunzi, Chumba 214
Ujerumani
9 Oktoba 1994

Kwako Dada Anande,

Shikamoo. Barua yako ya Agosti niliipata. Nafurahi kwamba kiwandani mambo yanaenda na kwamba Baba ameacha kubishana na daktari kuhusu chumvi.

Umeniuliza kwa mara ya tatu ninafanya nini hasa huku, kwa sababu Baba akiulizwa kanisani anajibu "mambo ya umeme" na watu wanadhani nitarudi kufunga nyaya. Nitajaribu kueleza mara moja, vizuri, kisha umsomee.

Kuna kifaa kinachotoa umeme bila kuchajiwa. Upande mmoja unakilisha methanoli, ambayo ni ndugu wa ile spiriti tuliyokuwa tunawashia karabai, na upande wa pili unakilisha hewa. Ndani kuna vipande viwili vya chuma vinavyoitwa elektrodi. Kwenye elektrodi ya kwanza, ambayo ni platinamu, methanoli inavunjika na umeme unatoka. Shida ni kwamba ikivunjika inaacha hewa ya sumu, ile ile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha, nayo inaing'ang'ania platinamu mpaka kazi inasimama. Kila mtu anajua mwanzo ni methanoli na mwisho ni hiyo sumu. Katikati kinapita kitu ambacho hakuna aliyekiona. Kazi yangu ni kukitafuta.

Tunatumia leza mbili, moja ya kijani na nyingine isiyoonekana kwa macho. Mianga yake ikikutana juu ya platinamu, zinazojibu ni molekuli zile tu zilizogusana na chuma. Zilizo ndani ya maji zinakaa kimya. Kila aina ya molekuli inatikisika kwa namna yake, na mashine inauchora mtikisiko huo kama kilele kwenye karatasi. Ukivijua vilele, unajua nani yupo.

Mwezi uliopita nilipima platinamu kwenye asidi tupu, bila methanoli, siku kumi na moja mfululizo. Hakukuwa na kilele hata kimoja. Ndivyo inavyotakiwa, kwanza uwe na hakika ya kisichokuwapo.

Nina ombi. Baridi imeanza na mikono inapasuka. Mafuta ya kujipaka ya huku ni majimaji, yanakauka kabla sijafika kituo cha basi. Nasikia Sista Evaresta wa hospitali anakuja kwenye kozi mwezi Novemba. Kama ataweza kubeba kopo moja la mafuta ya mgando, nitashukuru.

Mdogo wako,
Fanuel


Sekei, Arusha
30 Oktoba 1994

Mdogo wangu Fanu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimesimama na ya pili nimekaa, na bado kilele pekee ninachokielewa ni cha Meru, ambacho leo kimejifunika tangu asubuhi. Baba nimemsomea. Alitikisa kichwa taratibu mpaka mstari wa mwisho, halafu akasema, "Sasa nimeelewa. Ni mambo ya umeme."

Mikono inapasuka! Unataka watu wa huko waseme umetoka nyumba gani? Mama, Mungu amrehemu, hakuturuhusu hata siku moja kuvuka mlango tumepauka. Wewe ulikuwa unakimbia. Mimi ndiye niliyetumwa kukukamata, nakubana katikati ya magoti, nakupaka mpaka nyuma ya masikio huku unapiga kelele kama unachinjwa. Sasa huna wa kukukamata, kwa hiyo jikamate mwenyewe. Asubuhi ukitoka kuoga, na kila ukinawa mikono. Usilete uvivu.

Eti kopo moja. Nimempa Evaresta matatu makubwa. Nimeyanunua mjini, siku hizi maduka yamejaa, kazi ni kuchagua tu. Kama yananukia kidogo usishangae, ni aina mpya.

Kazini hakuna jipya. Stoo ni ile ile, makaratasi ni yale yale. Baba anakusalimu na anauliza kama huko kuna kanisa letu au unasali na yeyote.

Dada yako,
Anande


Chumba 214
22 Januari 1995

Kwako Dada Anande,

Shikamoo. Mafuta yalifika tarehe 20 Novemba. Ni mazuri sana. Natumia kama ulivyoelekeza.

Nina habari. Mwanzoni mwa Desemba nilianza kupima platinamu ikiwa na methanoli, na kila siku vilitokea vilele viwili vilivyosimama pamoja, mahali ambapo Septemba hapakuwa na kitu. Mahali hapo ni pa kaboni iliyoshikana na haidrojeni. Hewa ya sumu haina haidrojeni, kwa hiyo si yenyewe, na methanoli iliyo ndani ya maji inakaa kimya. Kuna kipande cha molekuli kimekaa juu ya platinamu, baada ya methanoli na kabla ya sumu. Nimerudia mara ishirini na sita.

Profesa alizitazama karatasi zangu moja moja, halafu akaniambia nikae. Mwaka mmoja na nusu nimeingia ofisini kwake na hajawahi kuniambia nikae. Magdalena, fundi wa maabara, mama wa makamo anayezungumza na mashine kuliko anavyozungumza na watu, aliniletea keki.

Inaonekana nimekiona kile cha katikati. Nimefurahi sana. Naandika hivyo wazi kwa sababu nadhani kwenye barua haionekani.

Tafadhali usimwambie mtu bado. Hasa Baba.

Mdogo wako,
Fanuel


Sekei
26 Februari 1995

Fanu wangu,

Marahaba, na hongera, na unisamehe. Nilimwambia Baba.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jumapili iliyopita mzee ametoa sadaka ya shukrani: jogoo mwekundu, mkungu wa ndizi na debe la mahindi kutoka shamba la Kikwe. Mchungaji akamuuliza mbele ya washarika anamshukuru Mungu kwa lipi. Baba akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mwanangu Fanuel amegundua molekuli." Mama mmoja nyuma yangu akaniuliza taratibu kama inaambukiza.

Ibada ilipokwisha tukatoka nje kwenye mnada. Jogoo alinadiwa, aliyemnunua akamrudisha anadiwe tena, wa pili naye akamrudisha, hivyo hivyo mpaka jogoo mwenyewe akachoka akalala chini. Yote kwa heshima yako. Tangu siku hiyo Baba anaitwa Baba Molekuli na hakasiriki. Mwanakwaya mmoja ameniomba nimwandikie neno lenyewe kwenye karatasi.

Kwa hiyo mdogo wangu, sasa ukirudi bila hiyo shahada ya udaktari, sisi itabidi tuhame Sekei. Natania. Sitanii sana.

Mimi sijambo, kazi zinaenda.

Dada yako mropokaji,
Anande


Chumba 214
26 Machi 1995

Kwako Dada Anande,

Shikamoo. Nimepokea. Kilichofanyika kimefanyika.

Makala yetu imekubaliwa. Profesa ataisoma kwenye mkutano mkubwa tarehe 7 Julai. Fedha za nafasi yangu zinaisha Agosti. Zikiongezwa miaka miwili, namaliza udaktari. Zitaongezwa kwa sababu ya makala hii, Profesa ameniambia hivyo bila kuficha. Bila makala narudi Agosti na karatasi inayosema nilikuwapo.

Mafuta yaliisha wiki ya kwanza ya Machi. Joto limeanza, usihangaike kutuma mengine.

Mdogo wako,
Fanuel


Chumba 214
30 Aprili 1995

Kwako Dada Anande,

Shikamoo. Nina maswali, nitayaweka mwishoni.

Tangu katikati ya Machi vile vilele viwili vimekuwa vikipungua. Wiki iliyopita vilikwisha kabisa. Methanoli ni ile ile na platinamu ni ile ile. Nimefungua leza na kuifunga upya, nimebadilisha asidi, nimeosha vioo kwa siku mbili. Havirudi.

Jumatano Magdalena alikuwa amesimama karibu nikifunga kifaa. Ndani, ikigusana na platinamu, kuna pete nyembamba ya mpira inayozuia asidi isivuje. Ukivaa glavu inateleza, kwa hiyo mimi huishika kwa vidole. Magdalena akaniambia, "Mikono yako imekauka. Majira yote ya baridi ilikuwa inang'aa."

Hakuwa na maana nyingine. Aliniambia tu alichokiona. Mimi nilifungua daftari langu la tarehe.

Vipimo vya bila methanoli nilivifanya Septemba, kabla mafuta hayajafika. Vipimo vya methanoli nilivianza Desemba, wakati nimeshajipaka wiki mbili, asubuhi na kila nikinawa, kama ulivyosema. Nilidhani Septemba na Desemba zinatofautiana kwa methanoli. Zinatofautiana pia kwa mikono yangu.

Nilikwangua mabaki ya kopo la tatu nikayapima. Nikapima pia mafuta ya mgando ya Magdalena, yaliyonunuliwa hapa. Yake yana vilele viwili, mahali pale pale. Yako yana hivyo viwili na vingine viwili vidogo, ambavyo mafuta ya mgando hayana. Vidogo hivyo ni vya mafuta ya mmea. Kopo lina nembo ya kampuni na halitaji mmea wowote.

Naomba majibu kamili:

1. Yalinunuliwa duka gani?
2. Makopo yalikuwa yamefungwa kutoka kiwandani?
3. Kuna mtu aliyeongeza kitu?
4. Kitu gani, na kiasi gani?
5. Yalipashwa moto?
6. Makopo yote matatu yalikuwa sawa?

Muda ni mfupi.

Fanuel


Sekei
17 Mei 1995

Mdogo wangu,

Umenikamata. Mimi niliyekuwa nakukamata wewe, nimekamatwa na tochi kutoka Ulaya.

Majibu yako haya hapa. Hakuna duka. Makopo hayakuwa yamefungwa. Mtu aliyeongeza ni mimi. Nachukua parachichi zilizoiva mpaka zimelegea, za kwa mama mdogo Kandida, nazimenya, naziponda, naanika juu ya bati siku nne au tano mpaka zinageuka nyeusi. Nakamua kwa kitambaa, yanatoka mafuta ya kijani. Nusu ni hayo, nusu ni mafuta ya mgando ya dukani, na nta ya nyuki kijiko kimoja cha chakula kwa kila kopo ili yashike. Nayeyusha kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji. Mwisho natia mchaichai kwa ajili ya harufu. Makopo yote matatu yalitoka sufuria moja. Ninayouza natia kwenye vichupa vyangu. Yako niliyatia kwenye makopo ya kampuni kusudi usiulize.

Sasa utataka kujua kwa nini karani wa stoo anakamua parachichi. Kiwanda kilifungwa Juni mwaka jana. Kimepata mwekezaji. Ijumaa tuliambiwa kuna mabadiliko, Jumatatu tukakuta geti lina kufuli jipya na askari tusiyemjua. Wote, Fanu, hata wale wa miaka ishirini. Wengine wanauza mitumba, wengine wamerudi migombani. Mimi naanika parachichi nyuma ya nyumba na kupeleka vichupa kwenye saluni mbili mjini. Wanayapenda. Kuna siku zinakwenda vizuri na kuna siku naangalia lile bati nalia.

Baba ndiye aliyesema usiambiwe, kwamba ukijua utaacha masomo urudi. Tulikaa mezani tukakubaliana. Nikaandika "kazini hakuna jipya", nikamsomea, akasema imekaa vizuri. Ndiyo, Baba huyo huyo, mzee wa kanisa.

Sasa nisikilize mimi ambaye sijasoma hayo mambo. Nani anajua habari ya mafuta? Wewe na mimi, na huyo mama anayetazama mikono ya watu. Nyamaza. Mwache Profesa asome makala yake, upate miaka yako miwili, na katika miaka hiyo ukitafute hicho cha katikati kwa mikono mikavu. Pengine kipo na utakipata, na hakuna atakayejua kwamba mara ya kwanza yalikuwa mafuta. Baba ameshasimama mbele ya kanisa. Kazi moja imeshapotea katika nyumba hii, sitaki kuona ya pili.

Nakuomba.

Dada yako,
Anande


Chumba 214
4 Juni 1995

Kwako Dada Anande,

Shikamoo. Asante kwa majibu. Ni kamili na ni ya wazi kuliko ripoti nyingi ninazozisoma hapa.

Parachichi linaeleza vile vilele viwili vidogo. Nta inaeleza kwa nini asidi haikuyaondoa mafuta. Nilinunua parachichi, nta na mafuta ya mgando, nikachanganya kwa vipimo vyako, nikapaka vidole, nikaishika pete ya mpira, nikapima bila methanoli hata tone. Vilele vilirudi vyote, vikubwa na vidogo. Nilirudia mara nane. Nilipozitazama tena karatasi za Januari, vidogo vilikuwapo siku zote. Nilidhani ni mashine inanung'unika. Naomba unijulishe pia kiasi cha mchaichai.

Kwa hiyo kile cha katikati sijakiona. Kipo, lakini si mimi niliyekiona.

Sijamwambia mtu. Magdalena hajauliza tena. Nimepima njia zote mbili. Nikinyamaza, maabara nyingine zitajaribu kurudia tulichofanya, zitashindwa, na miaka mitatu au minne ya watu itapotea kabla ya mmoja kuandika kwamba tulikosea, naye hatajua kwa nini. Nikisema, narudi Agosti. Upande wenu, wewe na Baba na kanisa, sijui niupe uzito gani.

Kama nitaandika, itabidi nimtaje aliyetengeneza mafuta. Niandike jina lako?

Mdogo wako,
Fanuel


Sekei
18 Juni 1995

Fanuel,

Marahaba.

Nilikuandikia kurasa nne. Kwenye kurasa hizo kulikuwa na parachichi na nta na mchaichai, na kulikuwa na dada yako aliyekosa kazi mwaka mzima. Umejibu parachichi. Umejibu nta. Hata mchaichai umeutaka kwa kipimo. Neno pole hukuliandika. Nilitafuta mpaka nyuma ya karatasi.

Nimekasirika na nimeumia. Nakuandikia hivyo kwa herufi kubwa za kusomeka ili usiende kuitafutia mashine.

Siku ya pili baada ya lile kufuli niliamka kama kawaida, nikavaa sare, nikatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilipofika nikakuta wenzangu wameshakaa ng'ambo ya barabara, wanatazama geti. Naeku wa zamu ya kwanza alikuwepo, na kina mama wote wa kitengo cha nyuzi. Hakuna aliyemwambia mwenzake aje, na kila mtu alikuwa amevaa sare. Tulikaa mpaka saa sita mchana, tukaagana kama watu waliomaliza kazi. Hilo nalo lipe uzito, wewe unayepima.

Kuhusu jina. Nilikuambia unyamaze kwa sababu niliogopa, na bado naogopa. Lakini mtu anayetaka kunyamaza haulizi aandike jina la nani. Umeshaamua, unachotafuta ni mtu wa kukusindikiza. Haya, nimekusindikiza. Andika Anande Kaaya, Sekei, Arusha. Andika "mtengenezaji", usiandike "dada". Miaka kumi na miwili niliandikwa karani, na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu nilikifanyaje.

Mchaichai ni mashina matatu.

Anande


Chumba 214
9 Julai 1995

Dada Anande,

Shikamoo. Pole.

Pole kwa kazi, pole kwa mwaka mzima, na pole kwa barua yangu. Niliposoma kurasa zako nne mara ya kwanza nilikuwa natafuta vitu vilivyomo kwenye kopo, nikavipata, nikafurahi kwamba nimevipata, nikakaa nikajibu. Niliposoma barua yako ya Juni nikazirudia zile nne, na nikakuta nimekupita wewe kama mtu anayepita nyumbani kwao bila kuingia. Naona aibu. Sina maelezo mengine, hayo ndiyo yaliyotokea.

Barua yako ilifika tarehe 30. Jumatatu tarehe 3 nilimwambia Profesa. Alisikiliza amesimama. Hakubishana, alimwita Magdalena, tukafunga kifaa mbele yake, mimi nikiwa na vidole vilivyopakwa. Vilele vilikuja. Halafu Magdalena akafunga kifaa kingine kwa glavu, ilimchukua karibu nusu saa kuiweka ile pete, na hapo hapakuwa na kitu. Profesa akasema asante, akaingia ofisini, akafunga mlango. Alasiri makala iliondolewa kwenye ratiba ya mkutano. Nilikaa kwenye benchi nje ya jengo, na nilikuwa na huzuni, na pia nilikuwa na njaa, kwa sababu siku mbili sikuwa nimekula vizuri.

Miaka miwili haipo tena. Hakunieleza kwa ubaya. Alisema fedha zilikuwa za kile kilele.

Tutachapisha kurasa mbili zinazoonyesha jinsi mafuta ya mikononi yanavyoweza kujifanya molekuli ya katikati, ili wengine wasipotee. Mwishoni pameandikwa kwamba mchanganyiko wa mafuta na maelezo yake vimetolewa na mtengenezaji, Anande Kaaya, Arusha. Profesa aliuliza kama hiyo ni kampuni. Nilimwambia ndiyo.

Magdalena ameniomba nimwulize mtengenezaji kama anauza kwa posta. Hakutania.

Nafika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro Jumatano tarehe 16 Agosti, saa nne asubuhi. Sina hiyo digrii. Tafadhali mweleze Baba wewe, mimi nimejaribu mara tatu na kila barua inageuka ripoti. Na asije uwanjani. Nitapanda basi. Sitaki anipokee mbele ya watu akiwa na lile neno alilolisema kanisani.

Ile sare uliacha kuivaa lini?

Mdogo wako,
Fanuel


Sekei
23 Julai 1995

Mdogo wangu Fanu,

Marahaba. Pole zako nimezihesabu, ni tatu, zinatosha. Sare niliacha kuivaa siku ya tatu. Nilipomwona Naeku amekuja na kitenge, nami nikaona haya kuwa peke yangu.

Baba nimemweleza leo mchana tulipotoka ibadani, kabla hajavua viatu, maana akishavua viatu analala. Nilimwambia yote, ya kwako na ya mafuta, na nikamwambia kwamba unajua habari ya kiwanda. Aliuliza, "Kwa hiyo hiyo molekuli haipo?" Nikamwambia ipo lakini hukuiona wewe, ulichokiona ni parachichi za Kandida. Akauliza nani aliyegundua kwamba ni parachichi. Nikamwambia ni wewe mwenyewe. Akauliza kama kuna aliyekulazimisha kusema. Nikamwambia hakuna, na kwamba hata mimi nilikuomba unyamaze.

Akainama akaanza kufungua kamba za viatu, kisha akaacha. Nilianza kuogopa, nikaenda kumletea maji. Niliporudi akasema, "Mimi na wewe tumemdanganya yule mtoto mwaka mzima, tukijua. Yeye amekosea miezi minne bila kujua. Halafu yeye ndiye anayeogopa kushuka kwenye ndege?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Lakini nilijibu ndiyo, na tukalia kidogo, yeye kwa upande wake na mimi kwa wangu.

Jumapili ijayo anataka kusimama tena mbele ya washarika arekebishe alichosema. Nimemsihi aache, mambo yameshasahaulika. Hasikii. Anasema alishukuru kwa kitu kisichokuwapo na Mungu ana haki ya kuambiwa. Amenituma niandike kwenye karatasi maneno ya kusema, nami nimemwandikia: "Mwanangu alikosea, akasema." Amesema ni fupi. Nimemwambia ndivyo jambo lilivyo.

Nilikuwa nataka uwe daktari, Fanu. Nilitaka sana. Naandika ili ujue kwamba siyo kwamba sijali. Lakini leo nikianika parachichi nilijikuta naimba, na nilipojiuliza kwa nini, ni kwa sababu unarudi.

Kuhusu uwanja wa ndege. Nilimsomea mahali ulipoandika asije. Akasema barua hiyo umemwandikia Anande, yeye haimhusu. Nikamwambia utaona aibu. Akaniuliza aibu ya nani. Bado wiki tatu na siku tatu, na suti ameshaipiga pasi.

Dada yako,
Anande